Majilio ya Mume na Mke: Kuitengeneza Njia Ndani ya Nyumba



Kila mwaka Mama Kanisa hutupatia majuma manne ya kujitayarisha kwa Noeli, na kila mwaka majuma hayo hutuponyoka. Kwetu Lunga Lunga, Desemba ni mwezi wa pilikapilika. Mabasi ya kutoka Mombasa kwenda Tanga na Dar es Salaam hujaa abiria. Malori hupanga foleni mpakani. Wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka hukimbizana na wateja, na wale walioajiriwa katika mahoteli ya Diani huambiwa kwamba likizo haipo mpaka msimu wa wageni upite. Shule zimefungwa, watoto wamejaa nyumbani, maembe yameiva. Katikati ya shughuli hizo mume na mke hujikuta wametayarisha kila kitu cha sikukuu isipokuwa wao wenyewe.

Somo letu la leo lina jambo moja tu la kuwaambia. Yohane Mbatizaji, akiyarudia maneno ya nabii Isaya, aliwataka watu waitengeneze njia ya Bwana na kuyanyoosha mapito yake (Lk 3:4). Kwa watu waliofunga ndoa, njia hiyo haianzii mbali. Inaanzia kati ya mume na mke. Ikiwa wawili hao hawasemezani, au husemezana habari za unga na karo tu, basi njia imeziba, hata kama nguo mpya zimeshonwa na mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba.

MAJILIO NI NINI?

Neno Majilio lina maana ya ujio. Kipindi hiki huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume. Kwa hiyo huanza mapema kabisa tarehe 27 Novemba, na kwa kuchelewa kabisa tarehe 3 Desemba. Urefu wake ni kati ya siku 22 na siku 28. Mwaka 2023, kwa mfano, Noeli iliangukia Jumatatu, na juma la nne la Majilio likawa siku moja tu. Wanandoa waliokuwa wakisema "tutapatana juma la mwisho" walikuta juma la mwisho halipo! Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kuangalia kalenda pamoja na kujua mna siku ngapi.

Kipindi hiki kina sehemu mbili. Mpaka tarehe 16 Desemba, Kanisa latukumbusha hasa kwamba Kristo atakuja tena siku ya mwisho. Kuanzia tarehe 17 mpaka 24, masomo yanaelekea moja kwa moja kuzaliwa kwake Betlehemu. Padre huvaa zambarau, rangi ya toba, na wimbo wa Utukufu hauimbwi siku za Dominika. Lakini Aleluya inabaki, tofauti na Kwaresima. Toba ya Majilio, basi, ni toba yenye matumaini. Ni kama nyumba inayofagiliwa uwanja kwa sababu mgeni mpendwa yuko njiani. Anayefagia hutokwa na jasho, lakini haoni huzuni.

KUNUNIANA, UGONJWA WA DESEMBA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa nyingi za ndoa hufunguka mwezi huu, na sababu zake twazijua.

Ya kwanza ni fedha. Mume amepokea mshahara au malipo ya kibarua, lakini mke hajui ni kiasi gani. Mke amegawana akiba ya chama na wenzake, lakini mume hajui. Kila mmoja anapanga yake kimyakimya.

Ya pili ni safari. Wengi wetu tuliokuja Lunga Lunga kwa kazi au biashara tuna wazee wetu bara: Ukambani, Taita, Nyanza, na kwingineko. Twende kwa nani mwaka huu? Mbona mwaka jana tulikwenda kwenu? Nauli imepanda, na wakwe wanangoja.

Ya tatu ni kutokuwepo. Mmoja yuko Diani, au yuko safarini na lori, na mwenzake amebaki na watoto na maswali. Ya nne ni pombe, ambayo kwa baadhi ya watu imekuwa ndiyo Noeli yenyewe.

Mara nyingi ugomvi wa mambo haya hauishi kwa kelele. Huisha kwa kununiana. Mke anapakua chakula na kukiweka mezani bila neno. Mume anakula, anatoka, anarudi usiku. Ujumbe hupitia kwa mtoto: "Mwambie baba yako maji yako tayari." Watu huona nyumba imetulia, wakasema hapo pana amani. Lakini kimya cha namna hiyo ni vita isiyo na mlio. Na kukaa nacho mpaka usiku wa mkesha, kisha kusimama kanisani bega kwa bega na kuimba juu ya amani duniani, ni jambo linalohuzunisha.

Basi tuyachukue majuma manne, na kila juma tulipe kazi moja.

JUMA LA KWANZA: KESHENI

Injili ya Dominika ya kwanza, katika miaka yote mitatu ya masomo, inatuagiza kukesha. Mtu aliye macho huona. Je, wewe unamwona mwenzi wako? Yawezekana kuishi na mtu chumba kimoja bila kumwona. Mume haoni kwamba mkewe amekonda. Mke haoni kwamba mumewe amekuwa mkimya tangu kibarua kilipokwisha. Wakazi wa Kwale wanakumbuka kwamba machimbo ya titani ya Base Titanium yalifunga uchimbaji mwishoni mwa mwaka 2024. Kazi ya aina yoyote inapofungwa, aliyekuwa akiitegemea hurudi nyumbani na aibu ambayo haisemi. Anayekesha huitambua aibu hiyo kabla haijageuka kuwa hasira.

Kazi ya juma hili ni rahisi. Kila jioni, watoto wakishalala, mume na mke wakae pamoja kwa dakika 10, simu zikiwa kando. Kila mmoja amwulize mwenzake swali moja tu: "Leo ni jambo gani limekulemea?" Anayesikiliza asikosoe, wala asitoe dawa haraka. Asikilize tu. Kisha wasali Baba Yetu.

Mnaweza kuwasha mshumaa wa shada la Majilio wakati huo. Desturi hii ilitokea Ujerumani. Mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliwatengenezea watoto maskini wa Hamburg gurudumu lenye mishumaa mwaka 1839 ili waone siku za Noeli zikikaribia. Baadaye desturi ikaenea hata kwetu Wakatoliki. Huko hutumia matawi ya miti ya baridi. Hapa kwetu kuti la mnazi likisukwa duara, na kupambwa kwa majani ya mwembe au mwarobaini, linatosha kabisa. Mishumaa minne ya kawaida ya dukani itafaa: mitatu ifungwe utepe wa zambarau na mmoja utepe wa waridi. Kila Dominika mnaongeza mwanga mmoja.

JUMA LA PILI: NYOOSHENI MAPITO

Juma hili Yohane Mbatizaji anaingia na sauti yake ya jangwani. Mabonde yajazwe, milima ishushwe. Katika ndoa, bonde ni lile ulilopaswa kufanya ukaacha: asante usiyosema, ahadi usiyotimiza, mgonjwa uliyemwachia mwenzako peke yake. Mlima ni kiburi kinachosema, "Aanze yeye kuniomba msamaha."

Hapa mpakani tuna mfano mzuri. Katika mpangilio wa zamani msafiri alikuwa na vituo viwili: agongewe muhuri wa kutoka upande mmoja, kisha aanze foleni nyingine upande wa pili. Katika kituo cha pamoja cha Lunga Lunga na Horohoro, maofisa wa Kenya na Tanzania huketi jengo moja, na msafiri husimama mara moja tu, upande ule anaoingia. Wanandoa nao waketi meza moja. Mambo hayaendi ikiwa mume anapeleka shauri lake kwa mama yake na mke analipeleka kwa dada zake, kila mmoja na foleni yake.

Namna ya kuombana msamaha ni hii. Kwanza, chagueni saa ambayo hakuna aliyechoka sana wala aliyekunywa. Pili, kila mmoja aseme kosa lake mwenyewe, si la mwenzake. "Nilikujibu vibaya mbele ya watoto" ni neno la toba. "Nilikujibu vibaya kwa sababu wewe huelewi" ni mashtaka yaliyovishwa kanzu ya toba. Tatu, anayeombwa msamaha ajibu kwa maneno: "Nimekusamehe." Asiseme tu "Haya, yamekwisha," huku akiyaweka ghalani kwa ajili ya ugomvi ujao.

Kisha nendeni kwenye Sakramenti ya Kitubio. Padre wetu huhudumia vigango vingi, na siku za mwisho kabla ya Noeli foleni ya maungamo huwa ndefu. Mwulizeni katekista mapema siku ambayo Padre atakuwepo, mwende pamoja. Mtaungama kila mmoja peke yake, bila shaka, na hapo pia tahadhari ni ile ile: usiungame dhambi za mume wako, wala za mke wako! Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake juu ya familia wa mwaka 1981, alifundisha kwamba toba na kusameheana ni sehemu ya maisha ya kila siku ya familia ya Kikristo. Naye Baba Mtakatifu Fransisko alizoea kuwaambia wanandoa kwamba maneno matatu hulinda nyumba: naomba, asante, na samahani. Aliyaandika pia katika wosia wake wa mwaka 2016. Aliwasihi vilevile wasiimalize siku bila kupatana.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kusamehe hakumlazimishi mtu kukaa apigwe. Anayepigwa au kutishiwa maisha ana haki ya kujiokoa pamoja na watoto wake na kutafuta msaada kwa Padre, kwa watu wa kuaminika na kwa serikali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 dhidi ya ukatili wa majumbani inamlinda, na Sheria ya Kanisa inamruhusu kutengana na mwenzi anayemhatarisha. Toba ya mpigaji huanza kwa kuacha kupiga.

JUMA LA TATU: FURAHINI, TENA MGAWANE

Dominika ya tatu ni Dominika ya furaha. Padre anaweza kuvaa rangi ya waridi, nanyi mtawasha ule mshumaa wenye utepe wa waridi. Furaha hiyo inahusu pia mfuko wa nyumba. Katika Injili ya Luka (3:10-14) watu walimwuliza Yohane swali la vitendo: tufanye nini? Akawajibu kwa vitendo. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wasimwonee mtu, waridhike na mshahara wao.

Ndugu zangu, maneno haya ni kama yaliandikwa kwa ajili ya mji wa mpakani! Awe ofisa, wakala wa forodha, mpakizi wa mizigo, mchuuzi au mwendesha bodaboda anayezijua njia za panya, kila mmoja anaulizwa: fedha za Noeli zitatoka wapi? Na swali hili si la mwenye kazi peke yake. Mke anayemsukuma mume kwa kusema "wenzako wote wanajenga" anamsukuma kwenye rushwa au magendo. Mume anayekula nyama bila kuuliza mkewe ameipataje, huku anajua mfuko ulikuwa mtupu, naye ana sehemu yake. Afadhali kula wali na maharagwe kwa dhamiri safi. Mtoto wa Betlehemu hakukuta pilau mezani.

Kaeni chini pamoja mwandike. Tuseme, kwa mfano, kwamba nyumba yenu imepata shilingi 30,000 mwezi huu. Mnaweza kuzigawa hivi: chakula cha kila siku, 10,000; karo na sare za Januari, 9,000; deni la dukani, 4,000; sikukuu yenyewe, 4,000; wazazi wa pande zote mbili, 2,000; sadaka na maskini, 1,000. Jumla ni 30,000, na hakuna senti iliyokopwa kwa simu. Nyumba yenu ina hesabu zake, lakini utaratibu ni mmoja: Januari ipangwe kabla ya Desemba, wazazi wa mume na wa mke wafikiriwe sawasawa, na maskini wawemo kwenye orodha tangu mwanzo, wasingojee makombo. Hata kama ni kilo moja ya unga kwa mjane wa jumuiya yenu, iandikwe.

Na habari ya safari ya bara imalizwe hapo hapo mezani. Kama nauli haipo, andikeni hivyo, kisha mume na mke wawapigie simu wazee wakiwa pamoja. Mzazi akisikia sauti zote mbili atajua hajanyimwa na mkwe.

JUMA LA NNE: NDOA MBILI ZA INJILI

Kuanzia tarehe 17 Desemba masomo ya kila siku yanatuonyesha ndoa mbili: ya Yosefu na Maria, na ya Zakaria na Elizabeti. Kama hamwezi kufika kanisani siku za kazi, someni nyumbani sura ya 1 ya Mathayo na sura ya 1 ya Luka, kidogo kidogo kila jioni.

Tarehe 18 tunamsoma Yosefu (Mt 1:18-24). Aliposikia habari ya mimba aliumia, kama ambavyo mwanaume yeyote angeumia. Lakini angalieni alivyofanya kabla malaika hajamtokea: hakutaka kumwaibisha Maria mbele za watu. Hakulipeleka jambo sokoni. Siku hizi mtu akikorofishana na mwenzake asubuhi, kufikia adhuhuri kundi zima la simu limejua. Yosefu alinyamaza, akalala na mzigo wake, na ndani ya usingizi ule Mungu akamwambia asiogope kumchukua mkewe. Je, yako mambo ya mwenzi wako ambayo ungepaswa kuyasitiri?

Kisha tarehe 19 na tarehe 23 tunawasoma Zakaria na Elizabeti (Lk 1:5-25, 57-66). Walikuwa watu wema, wamezeeka, na hawakuwa na mtoto. Wanandoa mnaongoja mtoto bila kumpata, mnaosikia minong'ono ya majirani na maswali ya wakwe, sura hii ni yenu. Maandiko yanawaita wote wawili waadilifu kwanza, ndipo yanaposema hawakuwa na mtoto. Kukosa mtoto hakukuwa adhabu, wala hakukuwa kosa la mke.

Zakaria hakuliamini neno la malaika, akawa bubu. Kwa miezi yote ya mimba nyumba ile ilikuwa na mume asiyeweza kusema. Tafakarini kimya hicho, kwa sababu kinafanana na kununa kwa nje lakini kwa ndani ni kitu kingine. Anayenuna hunyamaza ili mwenzake aumie. Zakaria katika kimya chake alipata muda wa kujifunza kuamini. Mtoto alipozaliwa, siku ya nane ndugu na majirani walikuja kumtahiri na kumpa jina. Wao walitaka aitwe Zakaria kama baba yake. Elizabeti akakataa: mtoto ataitwa Yohane. Watu hawakuridhika na neno la mwanamke. Wakamgeukia mume kwa ishara, labda wakitumaini atamsahihisha mkewe. Zakaria akaomba kibao, akaandika kwamba jina ni Yohane. Na mara ulimi wake ukafunguka, akaanza kumsifu Mungu.

Wapenzi wanandoa, msiipite aya hiyo haraka. Jina lile lilikuwa limetoka kwa malaika, na kwa kuliandika Zakaria alionyesha kwamba sasa ameamini. Lakini tendo lile lile la kumtii Mungu lilikuwa pia tendo la kusimama na mke wake mbele ya ukoo na majirani. Ulimi wake ulifunguka hapo. Pengine nyumbani kwako kumekuwa kimya kwa miezi. Pengine umeomba Mungu akufungulie maneno, wala hujui uanzie wapi. Anza hapo alipoanza Zakaria. Tafuta jambo moja ambalo mwenzi wako alisema kweli, nawe ukalikataa kwa sababu ya watu au kwa sababu ya kiburi, kisha umwambie wazi: "Mama watoto, lile jambo ulisema kweli." Au: "Baba watoto, ulikuwa sahihi, nami sikukusikiliza." Baada ya neno kama hilo, mengine hupata njia ya kupita.

Juma hili pia tengenezeni pango la Noeli. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alifanya hivyo kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223, kusudi watu waone kwa macho umaskini wa Betlehemu. Watoto wa Lunga Lunga wanaweza kulijenga kwa makuti na udongo wa mfinyanzi. Acheni hori likiwa tupu mpaka usiku wa tarehe 24. Usiku huo baba na mama kwa pamoja wamlaze Mtoto humo.

MWENZI AKIWA MBALI

Wako watakaosema: "Haya yote ni mazuri, lakini mume wangu ni mpishi hotelini Diani, hatarudi mpaka Januari." Au: "Mke wangu yuko zamu siku yenyewe ya Noeli." Msikate tamaa. Yeye naye anaitimiza Majilio kwa kuwatumikia wageni wakati wageni hao wakipumzika.

Pangeni saa ya simu ambayo haitahusu fedha. Fedha ziwe na saa yake, na upendo uwe na saa yake. Msomeane kifungu kimoja cha Injili, msali Salamu Maria moja, mwambiane jambo moja lililowalemea. Aliye mbali atafute kanisa lililo karibu na kazi yake na kuungama huko. Aliyebaki asimhukumu kwa tetesi. Na mkirudiana, hata kama ni siku kadhaa baada ya tarehe 25, Noeli haijapita: kipindi cha Noeli huendelea mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi wa Januari. Mama anayeweka kuku mmoja bandani mpaka baba arudi ameielewa liturujia vizuri.

MWENZI ASIYE MKATOLIKI, NA MAJIRANI

Katika Kwale wengi wa majirani zetu ni Waislamu, na zipo ndoa ambamo mmoja ni Mkatoliki na mwingine ni Mwislamu au wa madhehebu mengine. Mkatoliki asiyaache Majilio yake kwa kuona haya, wala asimlazimishe mwenzake. Asali, afunge ulimi wake na maneno makali, aungame, awe mpole zaidi kuliko mwezi uliopita. Mtume Paulo afundisha kwamba mwenzi asiyeamini hutakaswa kwa mwenzake (1Kor 7:14). Katika nyumba ya namna hiyo, wema wa Majilio unahubiri vizuri kuliko mabishano.

Na kwa majirani tudumishe desturi nzuri ya pwani: kumwomba jirani Mwislamu achinje, kusudi wote waweze kula. Kabla ya siku hiyo jiulizeni kama yuko jirani mliyekosana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mahindi, au watoto waliopigana. Nendeni kwake wawili, mume na mke, kabla ya tarehe 24.

MWISHO

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia kanisa la nyumbani. Kanisa hilo halihitaji mapambo ya bei. Lahitaji watu wawili wanaosemezana. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na Mungu anajua hivyo. Hangojei ndoa isiyo na kosa ili aje. Alikuja kwa Yosefu aliyekuwa na mashaka, na kwa Zakaria aliyekuwa bubu. Atakuja kwenu pia, mkimwachia njia.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Katika sababu nne za kununiana tulizozitaja, ni ipi inayoisumbua zaidi nyumba yetu mwezi wa Desemba?

2. Ni "bonde" gani nimeliacha wazi katika ndoa yangu mwaka huu? Ni "mlima" gani sijakubali kuushusha?

3. Je, mume na mke tunajua wote fedha za nyumba ni kiasi gani na zimetoka wapi?

4. Ni neno gani la mwenzi wangu lililokuwa kweli, nami sijalikubali mpaka leo?

AZIMIO LA MAJILIO: Tutachagua jioni moja kabla ya tarehe 17 Desemba ya kuombana msamaha, na siku moja ya kwenda kuungama pamoja. Tutaziandika siku hizo mbili kwenye kalenda ya ukutani leo hii, kabla hatujalala.

SALA: Bwana Yesu, ulizaliwa katika nyumba ya mume na mke. Tunakuomba utufungulie ndimi kama ulivyomfungulia Zakaria, utupe moyo wa kusitiri kama wa Yosefu, na subira kama ya Maria. Uwalinde walio mbali kikazi, uwafariji wanaongoja mtoto, na utukute tumepatana utakapokuja. Amina.